Mto Niliofunga Tumboni

Wahenga hawakukosea waliponena: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo naijua tangu darasa la sita. Nimeitumia katika insha zaidi ya kumi, na kila mara mwalimu akanitilia alama ya vema. Lakini maana yake haikunichoma moyo mpaka Julai 2025, Siku ya Wazazi, niliposimama jukwaani mbele ya umati, mto nimeufunga tumboni kwa leso, na watu wakivunjika mbavu kwa kicheko.

Ndugu msomaji, tulia nikusimulie tangu mwanzo, maana kisa hiki wengi wenu mlikiona upande mmoja tu.

Mnaijua shule yetu. Ukikaa karibu na dirisha katika kidato cha tatu unaiona feri ikitoka Mbita kuelekea Luanda K'Otieno, na upepo ukigeuka, harufu ya omena wanaoanikwa ufuoni inaingia darasani bila hodi. Muhula ule wa pili, Chama cha Kiswahili kiliombwa kuandaa mchezo wa kuwaburudisha na kuwaelimisha wazazi. Mada tuliyopewa ilikuwa mimba za mapema. Mwalimu mlezi alitusomea matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022: kati ya wasichana 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamewahi kushika mimba. Tuliandika tarakimu hizo madaftarini kama tunavyoandika kila kitu. Mimi binafsi sikuhitaji tarakimu. Kiti kilichokuwa kando yangu kilikuwa kitupu tangu Februari.

Jina la aliyekikalia nalifungia kibindoni, kwa ombi lake mwenyewe. Nitamwita jirani yangu, maana ndivyo tulivyokuwa: jirani wa dawati tangu kidato cha kwanza. Yeye alikuwa bingwa wa hisabati, mimi wa Kiswahili. Yeye alinivusha katika logi, nami nikamvusha katika ngeli. Githeri ya mchana tulikula sahani moja. Kisha Jumatatu moja hakuja. Kufikia kengele ya saa nne shule nzima ilikuwa ikinong'ona, "Ati amebeba." Kufikia jioni nilikuwa nanong'ona pia.

Nyumbani kwa nyanya yake, anakoishi, ni mwendo wa dakika ishirini kutoka lango la shule. Februari ilipita, Machi ikapita, muhula ukafungwa na kufunguliwa. Sikwenda hata siku moja. Nilijiambia kazi ni nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa watu wangesema tunafanana tabia.

Basi tukakaa katika bwalo jioni tatu, watu saba, tukaandika mchezo tukauita Majuto ni Mjukuu. Mhusika mkuu ni msichana aitwaye Rehema. Rehema anapenda chipsi, anapenda simu, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Anampenda kijana wa bodaboda, anapata mimba, kijana anatoroka, Rehema anafukuzwa shule na mwisho anapiga magoti na kulia, "Laiti ningalijua!" Kama umewahi kuhudhuria mchezo wa shule, basi umewahi kuuona huu. Mimi ndimi niliyeandika sehemu kubwa, nami ndimi niliyepewa kuwa Rehema.

Mswada ulipelekwa kwa mwalimu mkuu. Hapo niwakumbushe kwamba Aprili mwaka huo mambo yalikuwa yamechacha katika tamasha za kitaifa za drama kule Nakuru. Wasichana wa Butere walikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, uliotungwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega, Cleophas Malala. Mchezo uliondolewa mashindanoni, Mahakama Kuu ikaamuru urudishwe, na mtunzi akakamatwa wasichana walipokuwa wakijiandaa. Tarehe 10 Aprili walifika ukumbini bila mwelekezi wao, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Nje, vitoa machozi vilifyatuliwa. Si mara ya kwanza. Mwaka 2013 shule hiyo hiyo ilizuiwa kuonyesha Shackles of Doom katika fainali, mpaka mahakama ikaingilia kati na ukaonyeshwa Mombasa. Kwa hiyo mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mwangalifu, aliushika mswada wetu kama mtu anayeshika jungu la moto.

"Hakuna siasa humu?" akauliza.

"Hakuna, Mwalimu. Ni maadili tu," mlezi wetu akajibu.

Ukapita kwa dakika tano. Tulifurahi sana. Baadaye nilikuja kujiuliza kwa nini ulipita haraka namna ile, na jibu halikunipendeza. Mchezo wetu ulikuwa umemlaumu mtu mmoja tu, naye ni yule ambaye hakuwapo kujibu.

Siku ya Wazazi ikawadia. Hema zilijaa pomoni, wazee mbele, akina mama na watoto nyuma, mgeni wa heshima katikati na maji yake ya chupa. Onyesho la tatu likafika. Nikatoka nyuma ya pazia na mto wangu. Lo! Kicheko kilichopasuka pale sijawahi kukisikia tena. Nami, kwa kuwa kicheko ni kitamu kuliko asali kwa mwigizaji, nikazidisha. Nikashika kiuno. Nikatembea kama bata. Nikabuni na maneno yasiyokuwa kwenye mswada: "Mama, ni chipsi tu zimenivimbisha!" Watu wakapiga meza.

Hapo ndipo macho yangu yalipotua safu ya mwisho, karibu na tangi la maji. Nilimwona nyanya yake jirani yangu, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu mwingine wa kidato cha pili. Na kando ya nyanya alikaa jirani yangu mwenyewe, mtoto mchanga mapajani. Hakuwa analia. Hakuwa amekasirika hata. Alikuwa akinitazama vile alivyokuwa akitazama ubao wakati hesabu imekosewa. Nyanya alikuwa ameweka mkono juu ya goti lake.

Maneno yalinitoka kichwani yote. Mwenzetu aliyeshika mswada nyuma ya pazia alininong'onezea mara tatu ndipo nikaendelea. Nililia ile "Laiti ningalijua" mpaka wazazi wengine wakafuta machozi. Mgeni wa heshima akatupa shilingi 2,000 za soda. Yangu nilimpa mtoto wa mpishi. Nilipokwenda kwenye tangi la maji, viti viwili vilikuwa vitupu.

Jumamosi nilifunga safari ya dakika ishirini. Nilimkuta nyanya akigeuza omena kwenye wavu. Nikamwamkia kwa heshima zote. Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Karibu, mjukuu wangu. Si wewe ndiye yule wa mto?"

Ningetamani ardhi ipasuke. Akaniita ndani, akanipa kigoda, akaniletea uji, kisha akarudi kwa omena wake akatuachia nafasi.

"Uliigiza vizuri," jirani yangu akasema.

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? We niambie tu, mbona hukuja kuniuliza? Tangu Februari. Mimi hata chipsi sipendi, na unajua."

Ni kweli nilijua. Miaka miwili tulikula sahani moja.

Akanieleza. Nitasema kiasi alichonikubalia kusema. Nyanya yake hununua samaki kwenye mashua alfajiri na kuwauza sokoni. Mwishoni mwa mwaka 2024 nyanya aliugua miguu, ikawa yeye ndiye wa kushuka ufuoni kabla ya shule. Huko ufuoni samaki wakiwa haba hawauzwi kwa mwenye pesa tu. Huuzwa kwa mwenye makubaliano na mwenye mashua. Huku kwetu jambo hilo lina jina, jaboya, na kila mtu analijua, lakini likitajwa mbele ya watoto watu hukohoa. Mwanamke asiyekubali hurudi na karai tupu.

"Nyanya alikuwa na deni la yule mtu," akasema. "Mimi nikawa riba."

Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Yule mtu ana watoto wanaomzidi yeye umri.

"Na kwenye mchezo wenu," akaongeza huku akimpapasa mtoto mgongoni, "mwanamume aliingia mara moja, akatoka, hakurudi tena. Hapo tu ndipo mlisema ukweli."

Niliomba ruhusa yake nimweleze mlezi wa chama. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Alinyamaza kitambo, kisha akanisimulia habari za Kamirithu, karibu na Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa pale, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 28, 2025, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, waliandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa lugha yao ya Kikuyu. Walijenga jukwaa lao wenyewe lisilo na paa. Mazoezi yalifanywa hadharani, mwanakijiji yeyote akija anatazama, na wazee wakisikia neno limetumiwa vibaya wanasahihisha, wafanyakazi wa kiwandani wanasahihisha habari za kiwandani. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba, ukapigwa marufuku Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

"Wewe unafikiri serikali iliogopa nini pale?" Mwalimu akaniuliza. "Mapambo? Ngoma? Iliogopa kwamba wenye kisa ndio waliokuwa wanakisema. Nyinyi mmeandika kisa cha mtu bila mtu mwenyewe."

Maneno hayo yalinikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Tulirudi kwa jirani yangu, safari hii watu wanne. Tukamwomba atusaidie kuandika upya. Akakubali kwa masharti matatu. La kwanza, mto usionekane tena. La pili, kisa kichanganywe na visa vya wengine ili asitambuliwe mtu. La tatu, mwenye mashua asitoke jukwaani mpaka mwisho.

Hapo ndipo tulipojua kwamba hatujui kitu. Tuliandika onyesho la wavuvi wa omena usiku, tukaweka mwezi mpevu uangaze maji kwa madoido. Nyanya akacheka mpaka akashika mbavu. "Omena na mwezi mpevu wapi na wapi? Taa za wavuvi zitawavutaje samaki na mwezi unawaka?" Tukafuta mwezi. Tuliandika mama akinunua omena kilo tano ufuoni. "Nani amekuja na mizani hapo? Ni karai!" Tukafuta kilo. Kwa penseli yake aliyoishika kwa shida, alitia alama ukurasa baada ya ukurasa. Nyanya huyo aliacha shule darasa la tatu.

Na mambo ya sheria pia tuliyakosea. Katika mchezo wa kwanza Rehema alifukuzwa shule, tukaona ni kawaida. Kumbe tangu mwaka 1994 Wizara ya Elimu ina sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua arudi masomoni, na mwaka 2020 ikatoa mwongozo unaoeleza hatua kwa hatua jinsi ya kumpokea. Kumbe tena, kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, mtu mzima hawezi kujitetea eti mtoto wa miaka kumi na sita alikubali. Tulikuwa tumesimama mbele ya wazazi mia kadhaa tukawafundisha uongo, na tukapewa soda.

Mchezo mpya tukauita Deni la Samaki. Safari hii mswada ulilala ofisini siku kumi na moja.

"Mtanigombanisha na watu wa ufuo," mwalimu mkuu akasema. "Hao ndio wazazi wenu na wangu. Ondoeni ile sehemu ya mwenye mashua, mengine nayakubali."

Magoti yalikuwa yakinitetemeka, lakini nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa heshima, tukimwondoa mwenye mashua atakayebaki na hatia ni nani? Si tutakuwa tumerudi kwa mto?"

Sikutarajia jibu. Lakini alinyamaza, akafungua mswada tena, akasoma kurasa mbili tukiwa tumesimama pale pale. Mwishowe akatoa uamuzi wake: mchezo usionyeshwe shuleni kwa wageni, uonyeshwe ufuoni kwa wenyewe, chifu na kamati ya ufuo wakiwapo, naye mwenyewe aje. Wengine wetu tulidhani anatukwepa. Leo naona alitupa jukwaa lililofaa. Mlezi alitukumbusha kwamba hata wanafunzi wa Makerere, tangu mwaka 1965, walikuwa wakipakia vyombo vyao garini na kwenda kuigiza vijijini, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, badala ya kungoja watu wawafuate ukumbini.

Tuliigiza Jumamosi ya Septemba, kwenye mchanga, pazia letu ni turubai. Tulitumia mbinu aliyoieneza Augusto Boal wa Brazili, ya kusimamisha mchezo na kuwauliza watazamaji wangefanya nini. Tulifika pale mama amesimama na karai tupu, binti kando yake, mwenye mashua anatabasamu. Msimulizi akapiga kofi, sote tukaganda kama sanamu. Akauliza, "Wazazi wetu, mngefanyaje?"

Kimya. Mawimbi tu. Niliwaza tumeaibika.

Kisha kijana mmoja mvuvi akasimama kwa hasira. "Mnatuharibia jina! Si kila mvuvi ni hivyo." Mlezi wetu akamjibu kwa upole, "Basi njoo utuonyeshe mvuvi asiyekuwa hivyo." Watu wakamsukuma. Akaja, akasimama mahali pa mwenye mashua, akachukua karai la mama, akalijaza kwa mikono mitupu, akasema, "Lipa jioni." Akina mama wakapiga vigelegele. Lakini mzee mmoja akauliza, "Na kesho samaki wakiwa wachache? Utampa nani kwanza?" Hapo mjadala ukawaka moto. Mama mmoja akakumbusha kwamba kule ufuo wa Nduru, Nyakach, wanawake walianza mwaka 2011 kumiliki mashua zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi, ili wasimpigie mtu magoti. Mwingine akasema mashua ni pesa nyingi, na ziwa halina huruma. Tulikuwa tumepanga dakika arobaini. Tuliondoka jua likizama.

Sitaki kuwadanganya kwamba ufuo uligeuka peponi siku ile. Nyanya alikwenda na chifu kituoni kuandikisha taarifa, lakini yule mtu alikuwa keshavuka ziwa, na mpaka naandika haya hajarudi wala kushikwa. Akina mama kumi na wawili wameanza kuweka akiba kila wiki. Pesa zao bado hazitoshi kununua hata injini ya mashua. Wapo wanaosema wanafunzi tungeshika vitabu tukaachana na mambo ya watu wazima.

Lakini Januari 2026 mwalimu mkuu mwenyewe alikwenda kwa nyanya, mwongozo wa wizara mkononi. Jirani yangu yuko kidato cha tatu sasa, darasa moja nyuma yangu, na mtoto hubaki na nyanya. Wiki ya kwanza kuna waliomcheka pale bombani. Wa kwanza kuwanyamazisha alikuwa mvulana aliyeigiza mwenye mashua.

Msilolijua wengi ni hili. Siku ile ufuoni, nyuma ya turubai, aliyeshika mswada na kutunong'onezea tulipokwama alikuwa yeye, mtoto amembeba mgongoni. Nilikwama mara moja tu. Sauti yake ilinifikia kabla sijageuza kichwa.

Wanachama wenzangu mtakaobaki, mimi nafanya mtihani wangu wa mwisho mwaka huu. Mswada wa Deni la Samaki uko katika kabati la chama, rafu ya chini, wenye alama za penseli. Mkitaka kuuigiza tena, uigizeni. Ila ukurasa wa saba kuna neno la wavuvi ambalo mpaka leo hatuna hakika kama tumeliandika sawasawa. Nendeni kwa nyanya mkamuulize. Ni dakika ishirini tu, na uji upo.

Kiswahili kitukuzwe!